Gumba la Shangazi Buppha

Shangazi Buppha alikuwa anakanda watu kwa kidole gumba tu. Siyo kiwiko, siyo goti, gumba! Ndiyo mtindo wa Kithai aliofundishwa, ule waliokandwa nao wafalme zamani, na miaka ishirini na nane pale hospitali ya wilaya, Nakhon Sawan, hakuuvunja hata siku moja. Sasa fikiria, gumba la kulia likagoma. Ukilikunja linakwama, halafu linafyatuka, tak!

Muuguzi mkuu hakumficha. "Shangazi, mwezi ukiisha halijapona, nakuhamishia kukunja mashuka."

Mashuka! Yeye!

Akalikanda kwa kitumba chake, kifurushi cha kitambaa chenye manjano, mchaichai na kafuri, cha moto kutoka kwenye mvuke. Raha mpaka kisogoni. Akalikunja. Tak. Wapi bwana!

Mlango wa pili koridoni ni chumba cha tiba ya Kichina, na daktari wake ni kijana anaitwa Wichian, wazee wake walitoka China. Yeye na Shangazi kazi yao kutaniana.

"Leo unanuka mchuzi kuliko jana," Wichian akasema.

"Bora mchuzi. Wewe unawachemshia watu magome mpaka wanalia. Haya, tazama gumba, na usinichome bila kuniambia."

Wichian akaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono wake, akainamisha kichwa kama anasikiliza redio ya jirani. "Hili gumba halipumziki. Asubuhi unalifanya nini?"

Shangazi akaangalia dari. Kila asubuhi tangu ana miaka kumi na tisa anakaa amekunja miguu, anakita vidole sakafuni, anaunyanyua mwili mzima juu ya vidole. Ndivyo walimu wake wanavyotia vidole nguvu. Na tangu gumba liugue, badala ya ishirini anapiga hamsini.

"Kilo sabini juu ya gumba bovu?"

"Sitini na tano! Kuwa na adabu."

Wichian akacheka, akavuta ile mashine ya kutazamia watoto tumboni, akampaka jeli kwenye gumba. Shangazi akasogeza uso karibu. Kwenye kioo kuna uzi mweupe, ndani ya mkono wake mwenyewe, unatembea! Ukafika sehemu umevimba, ukakwama, ukafyatuka.

"Wewe ungebonyeza wapi?"

Akafumba macho, akapapasa kwa mkono wa kushoto. "Hapa. Upepo wa mwili umeziba hapa."

"Sisi tunasema nguvu ya mwili imekwama," Wichian akasema. Akaweka alama ya kalamu pale ambapo angechoma sindano. Palepale! Na kwenye kioo uvimbe palepale! Miaka yote hiyo Shangazi alikuwa anasoma miili ya watu gizani, leo mtu amewasha taa.

Wakakubaliana: sindano mara mbili kwa wiki, kitumba kila jioni, na kujinyanyua marufuku. Hilo la mwisho lilimuuma kuliko sindano. Alhamisi, siku ya kuwaheshimu walimu, akapiga magoti mbele ya sanamu ya mwalimu wa waganga, akaomba ruhusa ya kuwa mvivu.

Siku ya ishirini na nne akalikunja. Kimya. Akalikunja tena. Kimya!

Muuguzi mkuu akaja kuhakikisha. Wichian akajitolea, akalala kifudifudi. Shangazi akashika mashine kwa kushoto, akaiweka begani kwa kijana, gumba la kulia likazama pembeni yake. Kwenye kioo nyuzi za msuli zilikuwa zimesongamana. Polepole zikaanza kuteleza, zikaachana, kama nywele zinazochanwa.

Muuguzi mkuu akainama karibu na kioo.

"Shangazi," muuguzi akanong'ona mwishowe, "kuna mgonjwa wa mgongo nje, anakusubiri wewe."

"Mwambie nakuja," akasema, macho kwenye kioo. "Ngoja kwanza. Hebu angalia hii!"