Kisima Changu Kwenye Notsi za Neema

Leo nimeambiwa kisima cha nyumbani kwetu si chetu.

Niliingia steshenari hapa Igoma. Mezani kulikuwa na notsi za Kiingereza cha ufundi, zinauzwa. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa roda ya kuvutia ndoo kisimani.

Mchoro wangu! Nilimpa Neema, jirani ninayemfundisha Kiingereza hicho. Sasa una jina lake.

Mara Neema mwenyewe akaingia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kisima hiki cha wapi?"

Akamtazama mwenye duka. "Cha kwetu, Sengerema."

"Na nguzo hii iliyopinda?"

"Hapo nilikosea kuchora."

Jamani, nguzo ile aliisimamisha baba yangu, ikapinda hivyohivyo. Tulipokimbia vita nchini kwetu hatukubeba hata picha moja; kisima hicho nilikichora kwa kumbukumbu tu.

Nimenunua kopi. Nyinyi mngefanyaje?