Nguzo Zilizopakwa Oili Juu

Kijijini kwetu sikuwahi kuaminiwa, na simlaumu mtu. Kwanza, niliwahi kumwambia mwalimu wa zamu kwamba kengele ya shule imemezwa na chatu. Pili, baba na mama ni Wanyamwezi. Baba alikuja Korogwe kukata mkonge akasahau njia ya kurudi kwao, tukajikuta tunaishi katikati ya Wazigua, watani zetu wa tangu zamani. Na mtani akikuambia nyumba yako inaungua, unamwuliza kama amekuja na viazi vya kuchoma.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, cha Ujamaa, ndani kidogo kutoka Kabuku, wilayani Handeni, nyumba zimejipanga mstari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Mwaka ule tuliletewa fahali wa mbegu, mwekundu, ana shingo kama gunia, aje aboreshe ng'ombe wetu waliokuwa wakifanana na mbuzi. Zizi lake likajengwa ubavuni mwa shamba letu. Ubavuni hasa: ukinyoosha mkono kutoka kwenye uzio, unachuma hindi.

Na mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chetu. Mvua za mwanzo zilitudanganya, ghalani walibaki panya wenye huzuni. Tulikuwa tunakula mihogo asubuhi na mihogo mchana, na jioni mama anatuambia tulale mapema. Kila siku alikuwa akisimama kuyatazama yale mahindi kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeanza kula.

Uzio tuliujenga sisi darasa la saba pamoja na vijana wa kijiji, kazi ya kujitegemea. Nguzo tulikata porini, na fito zilikuwa milingoti ya mkonge iliyokauka, tukaifunga kwa kamba za mkonge huohuo. Sasa mchwa wa Handeni, ukisimama sana watakula hata viatu vyako. Dawa yao kila mtu anaijua: oili chafu ya magari. Unaipaka sehemu ya chini ya nguzo, ile itakayofukiwa, mti unywe mpaka ushibe, ndipo uuchimbie. Lakini oili tuliyoipata gereji ya barabarani ilikuwa kidogo.

Mwenyekiti wa kijiji akaja, akachungulia debe, akazitazama nguzo. Alikuwa ameshapata habari kwamba Mkuu wa Wilaya atakuja kumwona fahali. Akasema tupake juu, panapoonekana. Watu wakaguna. Akauliza huko chini nani atainama kuchungulia. Basi tukapaka juu, uzio ukang'aa kama bwana harusi. Nikasema tumempaka mtu mafuta ya nywele na miguu imejaa magaga. Wote walicheka, na mwenyekiti ndiye aliyecheka zaidi.

Mahindi yalipotoa ndevu nilikuwa nashinda shambani kufukuza ngedere. Siku moja nikaipiga nguzo konzi kwa mchezo tu. Ikalia kama debe tupu. Nikaparua udongo kwa kijiti, na kule chini mti ulikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikagonga ya pili, nikagonga ya tatu, hali ileile. Zilikuwa zimesimama kwa sababu tu fito zimezishikilia. Sikuona cha kuchekesha.

Nikakimbia kwa mwenyekiti. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, na nadhani hapo ndipo nilipoharibu, maana alinitazama kwa mashaka. Nikamweleza. Akamwita mkewe aje amsikie mtani na la leo. Akaniambia sisi Wanyamwezi, wapagazi wa tangu enzi za misafara, tunajua mizigo, uzio tuwaachie wenyewe. Nikaapa, akacheka mpaka akashika mlango. Mama naye akaenda, akachekwa vilevile. Kumbe kwa mwenyekiti alikuwa mtani wa pili tu.

Ugeni ulikuwa kesho yake.

Ngoma zilianza asubuhi. Watu walijaa upande wa mbele wa zizi, Mkuu wa Wilaya akahutubia. Mimi nilikuwa upande wa nyuma, ndani ya mahindi yetu, na wenzangu wawili wa darasani, kila mmoja akilinda nguzo yake mbovu. Fahali hakuipenda ngoma. Akarudi nyuma, akarudi tena, akaja kwangu. Akaanza kujikuna bega kwenye nguzo yangu, na nguzo ikaanza kuzunguka kama jino la mtoto. Nikaikumbatia. Pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni mwangu. Kupiga kelele nilishindwa, maana angeshtuka, na akishtuka ni ndani ya mahindi moja kwa moja.

Mara mwenyekiti akatokea kwa nyuma, ndani ya suti mpya, amekuja kufukuza watoto aliodhani wanaiba mahindi.

"Tokeni humo."

"Mwenyekiti, shika nguzo," nikamwambia polepole. "Nikiiachia, anatoka."

Akatabasamu. "Mtani, hata leo..."

Fahali akasukuma. Kule chini kukalia ka, na nguzo ikaning'inia kwenye fito. Tabasamu lilimtoka mwenyekiti. Akaruka, akaikumbatia na suti yake yote, uso wake na wangu karibu kugusana. Upande wa pili mgeni alikuwa anasifu kujitegemea.

"Leo mpagazi nani?" nikanong'ona.

"Nyamaza, mtoto. Sukuma."

Tukasukuma. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Hotuba ikaisha, watu wakapiga makofi, fahali akazidi kutuegemea. Mgeni akamwulizia mwenyekiti ili amuage. Akazunguka zizi, akatukuta.

"Ndugu Mwenyekiti, unafanya nini huko?"

"Naukagua uzio, ndugu."

Mgeni akasema hivyo ndivyo kiongozi anavyotakiwa kuwa, akaenda zake kula. Watu wote wakamfuata. Tukabaki sisi na fahali. Ndipo mama akaja na ndoo ya pumba, akaitikisa ng'ambo ya zizi, akimwita kwa sauti ya kubembeleza ambayo mimi sijawahi kuitiwa. Fahali akafikiri. Akaondoka.

Mikono ya mwenyekiti iligoma kufunguka. Kifua kizima cha suti kilikuwa cheusi kwa oili. Kabla jua halijazama nguzo zote za upande wetu zilikuwa zimeng'olewa, mpya zinanyweshwa oili miguuni, na mama amesimama palepale anatazama kila moja inavyofukiwa.

Kisha akachuma hindi moja, la kwanza, akalichoma, akampelekea mwenyekiti.

"Kula, mtani," akamwambia. "Mpagazi halali njaa."