Sahani ya Tatu

Waithera aliletwa Kisumu na ndoa, akiwa msichana wa Kikuyu kutoka Nyahururu. Ameuza vitambaa mjini miaka mingi hivi kwamba hata akigombana siku hizi hugombana kwa Kijaluo. Mumewe alifariki, watoto wakatawanyika, naye akampangisha chumba kimoja Hania, binti wa Kipolandi aliyekuja kujitolea kuwanyoosha viungo watoto wenye ulemavu.

Desemba ilipoingia, Hania akawa mnyonge. Mkesha wa Krismasi ndio sikukuu kubwa kwao, akaeleza, na hajawahi kuukosa mezani kwa mamake. Basi Waithera akamletea samaki wabichi, ngege, kutoka sokoni, maana siku hiyo kwao nyama hailiwi, wakakaanga pamoja huku mafuta yakiwarukia. Jua lilipotua, Hania akatandika kitambaa cheupe, akapanga sahani tatu.

"Nani mwingine anakuja?" Waithera akauliza.

"Hatujui, Mama. Ni ya mgeni ambaye hakualikwa. Akibisha leo, hafukuzwi."

Waithera akakaa kitini. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, duka lake likiwaka moto, alikimbilia kwa jirani yake Obiero, mtoto mgongoni, akabisha. Taa ilizimwa ndani, mlango haukufunguliwa. Tangu aliporudi mjini, alimpita mzee huyo kila asubuhi kama anayepita nguzo ya stima.

Nyota ya kwanza ilipoonekana, Hania alimwita waanze kula. Waithera alikuwa ameshajitupia leso, yuko nje. Obiero, ambaye siku hizi aliishi peke yake baada ya kufiwa na mkewe, alifungua kwa hodi ya pili. Akaambiwa kuna chakula. Akaenda kutafuta viatu.

Mezani Hania aligawa mkate mwembamba kama karatasi, uliotumwa na mamake, akawaeleza kwamba kila mtu humega wa mwenzake na kumtakia heri. Waithera akaushika wake.

"Nilibisha kwako, Mzee."

Obiero aliinama. "Nilikusikia. Wangechoma na nyumba yangu."

Miaka yote hiyo Waithera alikuwa akingoja pole, na hii haikuwa pole. Lakini mzee hakudanganya. Waithera akamnyooshea mkate, amege.

Baada ya kula, Hania akampigia mamake simu ya video. Mama huyo akataka kujua yule mzee ni nani.

"Mwambie ni jirani," Waithera akasema.

Obiero akaisogelea simu, akamsalimu kwa Kijaluo, polepole na kwa sauti kubwa, ili aelewe.