Mwandiko wa Golikipa

Kabla ya vita nilikuwa winga wa kushoto hapa Tabora. Tulikuwa wachache tulioishi kwa mpira. Kwenye karatasi nilikuwa fundi wa karakana ya reli, lakini spana niliishika siku ya kupigwa picha tu. Golikipa wetu alikuwa rafiki yangu, na kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri, orodha zote za timu, hata za karakana, aliziandika yeye.

Vita vya Uganda vilipoanza, karakana ikatakiwa kutoa watu. Katika timu nzima nikaitwa mimi peke yangu. Nilirudi na kipande cha chuma ndani ya goti, sikucheza tena. Yeye aliendelea kudaka miaka mingi.

Hakuna aliyeniambia kitu, ila karatasi ya majina ya walioitwa vitani niliiona imebandikwa ukutani, na mwandiko ule niliujua. Baadaye alihamia Usoke kulima tumbaku. Kila akija kwangu Isevya huniletea asali. Sijawahi kuilamba. Mke wangu huwagawia majirani, nami nawachungulia kama wataumwa.

Mwezi uliopita alikuja tena, amekonda, anatembelea fimbo. Hata hajakaa vizuri, nikamuuliza.

"Bwana, jina langu uliliandika wewe?"

"Niliandika niliyoambiwa. La kwanza lilikuwa langu." Akakohoa. "Nikalifuta. Wakasema aingie anayefuata. Sikuangalia ni nani."

"Hukuangalia?"

Aliigeuza fimbo yake mkononi.

"Niliangalia," akasema.

Mke wangu alikuwa mlangoni na birika la chai. Akageuka, akarudi nalo jikoni. Mimi nilitaka kumtoa mtu yule nje, lakini sikuinuka. Nilikuwa namsubiri aombe msamaha ili nimkatalie. Hakuomba. Alichukua fimbo yake akainuka.

Nilimsindikiza hadi stendi, sijui kwa nini. Basi lilipoondoka nilianza kujiuliza kama ameniambia yote, au ametoa kipande tu ili alale vizuri.

Tangu hapo amepiga simu mara mbili. Ya kwanza niliiacha ikaita mpaka ikakata. Ya pili nilipokea, akaniambia madaktari wamemkuta na tatizo kwenye mapafu. Nikamwambia Jumapili nitapanda basi niende Usoke. Nina maswali mengine ya kumuuliza.