Pua ya Mama

Harufu ya maji ya miwa yanayochemka ndiyo iliyotutesa mwaka ule. Ilikuwa miaka ya tisini, karibu na Rongo. Baba alikuwa ametoka kutibiwa ulevi kwenye kituo cha kanisa upande wa Homa Bay, na kazi pekee aliyopata ilikuwa kukoroga makarai katika kiwanda kidogo cha sukari nguru. Na sukari nguru, kila mtu kwetu anajua, ndiyo inayopikiwa pombe ya chang'aa. Alirudi jioni akinuka utamu uliochacha, na mama, aliyekwisha kudanganywa miaka mingi, hakuweza kutenganisha harufu ya kazi na harufu ya pombe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliapa kwamba tone moja tu lingetosha, angenichukua turudi kwao Kisegi. Sanduku la bati lenye nguo zetu lilikaa tayari chini ya kitanda.

Mshauri wa kituo, mwanamke mmoja mpole, alikuja kuzungumza nasi. Alisema anayeacha pombe anahitaji watu wake wamuulize, si wamvizie. Mama aliitikia kwa adabu, akampikia kuku, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi akaniambia, "Kila jioni enda umsalimie babako. Karibia mdomo. Njia ya mwongo ni fupi." Nilikuwa darasa la tatu na tayari ni mpelelezi. Nilimrukia baba shingoni, nikavuta pumzi, kisha nikakimbilia jikoni kutoa taarifa. Niliipenda kazi ile. Hata mwalimu hakuwahi kuniamini hivyo.

Jioni moja maji ya miwa yaliyochacha yalikuwa yamemmwagikia, akanuka kama kilabu kizima. Mama aliponiuliza nilisema, "Sijui." Hakungoja zaidi, aliburuta sanduku hadi mlangoni. Nililia kwa hofu, maana nilimpenda baba. Yeye hakufoka. Alivua shati, akalitundika kwenye ua wa minyaa, akaenda kuoga, kisha akarudi kifua wazi na kuchuchumaa mbele yangu. "Haya, nyathina, mtoto wangu, sasa nusa vizuri. Umwambie mama ukweli." Kumbe alikuwa anajua siku zote. Aliachama, akanipulizia usoni.

"Karanga," nikasema. "Karanga tu."

Mama aliketi juu ya sanduku. Kisha akalirudisha chini ya kitanda, lakini hakulifungua. Lilikuja kufunguliwa miaka mingi baadaye, nguo zangu za mle ndani zikiwa hazinitoshi tena hata mkono mmoja.

Siku hizi watu wanazungumzia ushauri nasaha redioni bila haya, na majirani humletea baba vijana wao azungumze nao. Amezeeka, na tangu wakati ule hajagusa pombe. Hayo nayajua. Hata hivyo, nikienda kumsalimia na kumkumbatia, kabla sijajizuia huwa nimeshavuta pumzi. Baba hubaki ameinama hapo hapo, akisubiri nimalize.