Asiyezikwa Hurudi Sehemu ya Pili

Kama hujawahi kutazama sinema ya kutisha, usiogope kuanza. Keti katikati ya watu, na uwatazame wao pia, si pazia tu. Ndivyo nilivyojifunza mimi, miaka ya sitini, katika ghala la pamba mjini Homa Bay, ambako mwenye duka mmoja alionyesha picha kila Jumapili alasiri. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Nje jua kali. Ndani giza lenye harufu ya pamba.

Picha zilikuja kwa mfululizo. Ile ya polisi wawili wachekeshaji niliipenda mara ya kwanza tu. Wanaanguka kutoka ghorofani, wanajipangusa vumbi, wanafukuza mwizi. Kufikia ya tatu nilijua wataanguka lini. Ya kutisha ilikuwa kazi bora zaidi, hasa sehemu ya pili. Katika ya kwanza mtu anauawa msituni na kuachwa hapohapo. Katika ya pili anarudi, ila hatuonyeshwi uso wake. Tunasikia kikohozi tu, nje ya nyumba ya mkewe.

Kutazama hiyo ya pili nilimpeleka shangazi yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Suna. Watu kwenye picha walisema Kiingereza, nami nilimnong'onezea maana kwa Dholuo. Mumewe alikwenda vitani Burma, hakurudi. Barua ya serikali ilisema haonekani, haikusema amekufa. Kwetu, mtu akipotelea mbali, ukoo huzika tunda la yago mahali pake, tunda refu na zito kama mkono wa mtu, ili roho yake ipate pa kulala. Shangazi alikataa miaka ishirini. Mashemeji zake walipoleta yago, alilitupa zizini.

"Mnazika mtu aliye njiani?" aliwauliza.

Mvua ikinyesha, alinieleza kwa furaha, alikuwa akimsikia mumewe akikohoa uani.

Sasa mke wa kwenye picha alisikia kikohozi, akatabasamu, akaenda mlangoni. Shangazi alinikamata mkono.

"Nyathina, mwanangu, mwambie asifungue."

"Hanisikii, shangazi. Ni picha."

"Huyo hawakumzika?"

"Hawakumzika."

Jamaa nyuma yetu akapaza sauti, "Mama, ukiogopa, ngoja wale polisi uje ucheke!"

Ghala zima likaangua kicheko. Shangazi hakugeuka.

"Cheka wewe," alisema. "Wafu wako unajua waliko."

Mlango ulifunguliwa, na picha ikaishia hapo. Magunia yalipoondolewa aliniuliza kama yule mke alipona. Nilimweleza kweli: tungojee ya tatu, na wenye picha hawatamzika yule mfu kamwe, maana wakimzika watu hawatarudi kutazama.

"Basi wanamtesa," alisema.

Wiki hiyohiyo aliwaita mashemeji. Nilikuwepo huko Suna, asubuhi isiyo na upepo. Yago lilifungwa shuka jeupe, na kaburi likachimbwa la mtu mzima. Shemeji mdogo alilipima kwa mpini wa jembe.

"Linatosha, shemeji. Mimi na yeye tulikuwa kimo kimoja."

Shangazi alisogea ukingoni, akatazama chini.

"Ongezeni kidogo miguuni," alisema. "Ana buti."