Pumzi za Nahodha

Nianze na hili ili mtu asije akanibishia: dada yangu hakuwa anaigiza. Ile pumzi iliyokatika katikati ya maneno, ambayo watu waliisifu mpaka wakachoka, ilikuwa pumzi yake mwenyewe.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kushona sare za shule. Ila mumewe, shemeji yangu, ni mtafsiri wa filamu: anachukua filamu ya kigeni, anaizungumza upya kwa Kiswahili, nami nauza nakala pale dukani mbele. Wanaume wote aliwasema yeye, wanawake wote dada. Walirekodia chumba cha nyuma, magodoro ukutani, maikrofoni imevishwa soksi, na feni inazimwa kwa sababu ya kelele. Joto la mle ndani silisimulii.

Kilichowapa jina ni ile filamu ndefu ya Nahodha, mwanamke anayevusha wakimbizi kati ya nyota. Sehemu tatu za kwanza zilikuwa hadithi kweli kweli. Nahodha alikatwa vidole viwili, akampoteza kaka yake, akakosea njia na watu wakafa kwa kosa lake. Wateja walilia dukani kwangu. Sehemu ya nne, watunzi sijui walipatwa na nini, wakammezesha cheche ya nyota. Toka hapo risasi zinamrudia aliyezipiga, mnara ukimwangukia anajipangusa vumbi, meli nzima anainyanyua kwa mkono mmoja kama sufuria.

Dada alikasirika kana kwamba kaibiwa. "Mtu asiyeweza kufa tumwogopee nini?" alisema, pini mdomoni. "Hata mafua hapati! Mimi nitasema nini hapo?"

Waliporekodi sehemu ya tano, Nahodha alianza kuhema. Pichani nguvu ni zile zile, lakini sauti inachoka, neno linakatika, analivuta tena. Shemeji akadhani mkewe kapata dawa ya hadithi mbovu. Nilimsikia kupitia mlangoni: "Hapo hapo, mke wangu! Ongeza. Hema kama umebeba dunia. Turudie." Siku ile walirudia mara nne, feni imezimwa.

Mimi nilikuwa najua. Dada alimwambia mumewe kikohozi ni cha vumbi la vitambaa, lakini barua ya hospitali niliiona chini ya sare: moyo umepanuka, alazwe haraka. Nilipomuuliza alinishika mkono. "Mdogo wangu, ukimwambia shemeji yako atazima mashine zote. Niache nimalize hii. Nahodha nimemlea mwenyewe, simwachii mtu." Nikasema sawa. Mficha maradhi kifo humuumbua, msemo huo tumeusikia tangu wadogo, nami nikanyamaza kama sina mdomo. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Sehemu ya tano ilinunuliwa kuliko zote. Fundi viatu jirani yetu alikuja kusifu: "Safari hii Nahodha anaweza kufa. Nimeitazama roho mkononi." Nilimpelekea dada habari. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Wiki mbili baadaye alifariki kwenye cherehani, asubuhi, sare ya mtoto wa watu haijatiwa vifungo.

Shemeji alipoiona barua nilimweleza yote. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliingia chumba cha nyuma akasikiliza yale marudio manne, moja baada ya jingine, kisha akaanza upya.

Sehemu ya sita ilipotoka, wateja hawakutupa nafasi. Mwishowe shemeji akaniita mimi, kwa kuwa sauti yangu inafanana na ya dada. Nikakaa kwenye kiti chake. Shemeji akanyoosha mkono kuzima feni, akasita, akaiacha izunguke. Pichani Nahodha akaangukiwa na jengo zima. Nikakumbuka sehemu ya tano, nikahema.

Akasimamisha picha. "Shemeji, usiheme."

"Si mlisema asiyeumia hana hadithi?"

"Tulisema." Macho yake hayakubanduka kwenye kioo, ambako Nahodha alisimama juu ya kifusi, mzima kabisa. "Huyu mwache asiumie. Asiumie popote. Tafadhali."

Nikajaza pumzi kifuani, nikaibana, nikasema maneno yake yote kwa mkupuo mmoja.